Mluzi Chini ya Kiti cha Mama Mkwe

Watu walimwita Sponji kwa sababu ya kazi yake. Alisambaza magodoro kwa gari lake mwenyewe, vani ya dizeli ambayo zamani ilikuwa nyeupe, na mlango wa nyuma aliuandika kwa rangi ya bluu, LALA SALAMA. Alikuwa mtu mrefu, mtaratibu, mwenye adabu iliyopitiliza. Alibisha hodi kwenye stoo aliyoifunga mwenyewe kwa kufuli, akijua haina mtu. Akiruka tuta kwa kasi kidogo alisema samahani, na haikujulikana anaomba radhi kwa tuta au kwa magodoro. Mkewe, fundi cherehani asiye na muda wa kupoteza, alimwambia, "Baba, iko siku utaomba radhi kwa kuomba radhi."

"Samahani," akajibu Sponji.

Gari lake lilikuwa la aina ile ambayo injini imewekwa chini ya viti vya mbele. Ukitaka kuitazama unamshusha abiria, unafungua vifungio, unakiinua kiti kizimakizima kama mfuniko wa sanduku. Ukimaliza unakirudisha, na abiria anarudi kukalia injini. Sponji alilijua gari hilo kama mfuko wa suruali yake. Lilishabeba vitanda vya chuma vya bweni zima, saruji ya jirani, na siku moja kabati la chuma ambalo wanaume waliolishusha walikwenda nyumbani wameshika viuno. Halikuwahi kulalamika.

Kisha mama mkwe akaja kukaa nao.

Alikuwa mpishi mkuu mstaafu wa shule ya bweni. Masufuria alikuwa ameyastaafu, sauti bado. Akisema "njoo" akiwa chumbani, jirani wa pili aliacha alichokuwa akifanya na kujiuliza kama ameitwa yeye. Alikuwa mwanamke wa mwili, na mwili wake aliupenda, alisema ameugharamia. Goti lake la kushoto lilikuwa linamsumbua, na daktari alimwandikia mazoezi ya viungo kila wiki katika hospitali iliyojengwa juu ya kilima, mwisho wa barabara ambayo hata mbuzi waliipanda wakipumzika.

Kati yake na Sponji palikuwa na heshima nzito. Akiingia sebuleni, Sponji alisimama. "Kaa baba," alisema, na Sponji alikaa nusu, ukingoni mwa kochi, tayari kusimama tena. Walizungumza habari za mvua, kisha za afya za jamaa, na jamaa walipokwisha walirudi kwenye mvua. Mbele ya mama mkwe Sponji alikula kuku kwa kijiko.

Siku ya kwanza ya mazoezi alifuta kiti cha mbele kwa kitambaa kibichi, kisha kwa kikavu, kisha akaweka mto mpya.

"Karibu mama, kaa hapa dirishani."

"Asante baba."

Kwenye barabara tambarare walikwenda vizuri, wakazungumza habari za mvua. Kilima kilipoanza gari lilipanda kidogo, halafu ghafla likawa kama limeshikwa shati kwa nyuma. Sponji alikanyaga mafuta. Gari likapunguza mwendo. Akakanyaga zaidi, likapunguza zaidi. Kwenye kioo aliona moshi mweusi umetanda barabara nzima, na ndani ya moshi honi za watu asiowaona. Akarudi gia ya pili, kisha ya kwanza. Na hapo ndipo aliposikia sauti.

Ilitoka pembeni yake, kwa chini. Ilikuwa sauti nyembamba, ndefu, ya kitu kinachojibana kisitoke: fiiiiii. Ikamalizikia kwa mtetemo mfupi.

Sponji akatazama mbele. Mama mkwe akatazama dirishani. Sponji akanyoosha mkono polepole akaongeza redio, ambayo ilikuwa inasoma bei za vitunguu. Mama mkwe akakohoa, ingawa hakuwa na kikohozi.

Mwanamume aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye madumu ya maji akawafikia, akaenda nao sambamba upande wa dirisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za safari?"

"Njema, tunakwenda hospitali."

"Poleni. Nani anaumwa?"

"Goti tu."

"Pole sana mama. Haya, ngoja niwatangulie," akasema, akawapita na madumu yake.

Sponji akaegesha. "Samahani sana mama, naomba nitazame chini ya…" Akajisahihisha. "Nitazame injini."

Mama mkwe akashuka, akasimama kando ya barabara na mkoba wake. Sponji akainua kiti, akachungulia, hakuona la ajabu. Akawasha gari, nalo likaitika kwa nguvu kama mwanafunzi anayejua jibu. Mama mkwe akapanda. Wakasogea kidogo: fiiiiii. Redio ikapanda. Kikohozi kikafuata.

"Baba," alisema mama mkwe mwishowe, kwa sauti ya upole ambayo masufuria hayakuwahi kuisikia, "acha nimalizie kwa miguu. Hata daktari amesema nilitembeze goti."

Akashuka, akaanza kupanda. Gari, likiwa halina mtu ila dereva, likapata nguvu ghafla kiasi kwamba Sponji alilazimika kushika breki. Kumpita mama mkwe barabarani, yeye kwenye gari na mama kwa miguu, kulikuwa nje ya uwezo wake kabisa. Basi akamfuata nyuma kwa mwendo wake, taa za hatari zikiwaka, kilima kizima, kama anasindikiza mgeni wa taifa. Mng'arisha viatu aliyekuwa na kisanduku chake chini ya ukuta akainua kichwa.

"Mzigo umeshuka, gari limepona," akasema.

Sponji akajifanya hakusikia. Mama mkwe naye akajifanya hakusikia, ingawa goti ndilo lililokuwa bovu, masikio yalikuwa mazima.

Kesho yake Sponji alilipeleka gari kwa fundi aliyeitwa Spoku. Jina hilo alilipata kwa wembamba wake, kama spoku ya baiskeli. Mafundi wenzake walitumia jeki kuingia chini ya gari, yeye aliingia tu. Alikuwa mwepesi wa kutoa hukumu, na akibadilisha hukumu aliitoa ya pili kwa uhakika uleule wa ya kwanza.

"Linasumbua nini?"

"Linakosa nguvu kilimani. Ghafla tu."

"Likiwa na mzigo?"

"Hapana, si mzigo."

"Likiwa tupu?"

"Tupu pia si sana."

Spoku akaacha kufuta mikono. "Ndani kuna nini, Sponji?"

"Abiria."

"Wangapi?"

"Mmoja."

"Ana mzigo?"

"Ana mkoba."

"Mkoba una nini?"

"Hilo sijawahi kumuuliza."

Spoku akafumba macho kama anayesikiliza kitu cha mbali. "Dizeli yako ina maji," akasema.

Akamwaga tangi, akabadilisha filta ya dizeli, akatoa upepo kwenye mabomba. Kisha akapanda kiti cha mbele, kwenye mto uleule, na Sponji akaendesha mpaka kilima cha hospitali. Gari likapaa. Mng'arisha viatu aliwapungia mkono.

"Unaona?" alisema Spoku. "Maji."

Wiki iliyofuata mama mkwe alipanda gari, na kilimani ikawa fiiiiii, moshi, redio, kikohozi. Spoku akasema pampu imechoka, akaifungua, akaisafisha, akaifunga. Akalijaribu akiwa amekaa mbele, likapaa. Mama mkwe akapanda, likalala. Spoku akasema basi ni ekzosi imeziba, akaitoa yote, na siku mbili Sponji akasambaza magodoro mtaani kwa mngurumo uliowaamsha watoto wachanga. Kiini cha tatizo hakikuwa kwenye ekzosi.

Ndani ya moyo wake Sponji alishajua, ila aliogopa kuliweka wazo hilo kwenye maneno hata akiwa peke yake. Alifanya majaribio kwa siri. Alijaza magodoro mpaka darini akapanda kilima, gari likapanda. Akaomba saruji ya jirani, akaipanga nyuma mpaka matairi yakabonyea. Gari likapanda, polepole lakini bila moshi wala mluzi. Kwa hiyo uzito haukuwa na hatia. Aliyebaki ni mama mkwe mwenyewe. Sponji akafikia kuamini kwamba gari linamwogopa, na hakuona ajabu, kwa maana hata yeye nguvu zilimwisha akikaa karibu naye.

Mama mkwe naye alikuwa na lake moyoni. Binti yake aliligundua mezani. Kwanza mama aliacha maharage. Kisha akaacha kabichi, kisha mayai. Siku za hospitali alikunywa chai ya rangi tu, akiitazama kwa mashaka.

"Mama, tumbo linakusumbua?"

"Tumbo langu ni zima."

"Mbona huli?"

"Ndilo jambo lenyewe. Ni zima, na bado." Akazungusha kikombe. "Mumeo ananionaje?"

"Anakuonaje vipi? Anakuheshimu kupita kiasi."

"Najua. Anaongeza redio."

Binti hakuelewa, akaenda kumwuliza mumewe, ambaye alikuwa anafagia ndani ya gari.

"Mama hali maharage, na anasema unaongeza redio. Ndani ya gari hili mnafanyiana nini?"

Sponji akaegemea ufagio. Akatazama kulia na kushoto. "Gari linakosa nguvu mama akikaa mbele," akanong'ona. "Halafu kuna sauti."

"Sauti gani?"

"Ya… sauti tu. Mimi sijasema inatoka kwa nani."

"Umemwambia fundi?"

"Nitamwambiaje fundi jambo kama hilo kuhusu mama mkwe wangu?"

"Kwa mdomo," alisema mkewe. Akavua tondoo ya kushonea kidoleni, akaenda gereji yeye mwenyewe.

Kwa hiyo siku ya mazoezi iliyofuata Spoku alikuwa ndani ya gari, amelala kifudifudi juu ya magodoro, kichwa amekipenyeza katikati ya viti viwili. Alimwamkia mama mkwe, mama mkwe akaitikia, akauweka mkoba mapajani na kuushika kwa mikono yote miwili kama mtu anayekwenda kusomewa mashtaka. Hakuna aliyezungumzia mvua.

Kilima kikaanza. Gari likashikwa shati. Moshi ukatanda.

Fiiiiii.

Mkono wa Sponji ukaenda kwenye redio. Mama mkwe akakohoa.

"Zima redio," alisema Spoku. "Nani anapiga mluzi?"

Sponji akaizima redio, mluzi ukaendelea.

"Si mimi," alisema mama mkwe.

"Hakuna aliyesema ni wewe, mama," alisema Sponji haraka.

"Mbona inatoka chini ya mama?" alisema Spoku, akisogeza sikio. "Kabisa. Inatokea hapa alipokalia."

Sponji alitamani barabara ipasuke, immeze yeye na kumwacha fundi juu. Gari lilizidi kutambaa. Ndipo mama mkwe alipogeuka, akawatazama wote wawili, na kwa mara ya kwanza katika gari lile akatumia sauti yake ya jikoni.

"Nashukuru umelitaja wewe, kijana, kwa maana nimelibeba tangu siku ya kwanza. Mimi najijua. Nimelea watoto wa watu shule nzima, sijawahi kutoa mlio huo mbele ya mtu, sembuse mkwe. Nimeacha maharage. Nimeacha kabichi. Nimekaa na njaa kwa ajili ya hospitali. Na kila gari likipanda hapa, hiki kiti kinanizamisha na kuanza kulia. Nilijiuliza, nitamwambiaje baba huyu kwamba kiti chake ndicho kinachofanya hivyo? Nani angeniamini?"

"Kiti kinakuzamisha?" aliuliza Spoku.

"Kinashuka upande huu. Halafu kinatetemeka."

"Na hujawahi kumwambia?"

"Ningemwambiaje mkwe mambo ya nilivyokalia?"

Spoku akamtazama Sponji. "Na wewe hukuniambia kuhusu mluzi."

"Ningekuambiaje?" alisema Sponji.

"Egesha," alisema Spoku.

Waliweka mawe nyuma ya matairi, injini ikiwaka. Spoku akateleza chini ya gari kwa ubavu, akabaki miguu tu. Sauti yake ikatoka kule chini. "Sponji, kanyaga mafuta. Mama, simama nje kwanza."

Injini ikanguruma safi.

"Sasa mama, kaa."

Mama mkwe akakaa. Injini ikaishiwa pumzi, ikatoa moshi, fiiiiii.

"Simama."

Ikanguruma.

"Kaa."

Fiiiiii.

Spoku akatoka chini, uso mweusi kwa masizi, akicheka mpaka mabega yanagongana. Alitaka kuhakikisha si mtu yeyote tu. Akakaa yeye kwenye kiti, injini haikumjali. Akarukaruka juu ya kile kiti kama mtoto kitandani, injini ikaendelea na mambo yake. Sponji akakaa, akiomba radhi, ikashtuka kidogo tu. Mama mkwe akakaa, ikazimia.

Watu walianza kukusanyika, maana ni mara chache kuona mtu mzima akikaa na kusimama na gari likimtii. Mama mkwe mwanzoni aliona haya. Kisha akaona jinsi wanavyotazama, akaanza kuonja utamu wake. Akawa hangoji kuambiwa. Alishuka chini kwa madaha, akaisikiliza injini ikipumua, akainua kidole, halafu akakaa kwa ghafla. Akina mama waliotoka kliniki walipiga makofi.

"Nionyesheni ni nini," akasema alipochoka.

Spoku akainua kiti, akamwonyesha mpira mnene mweusi uliotoka kwenye sanduku la filta ya hewa kwenda kwenye injini. "Hapa ndipo injini inapovutia pumzi, mama. Kilimani inataka hewa nyingi. Sasa chuma hiki kinachobeba kiti kimekatika, na mpira wenyewe umelainika kwa oili. Ukikaa, kiti kinashuka kinaubana, kama umeshika mtu koo. Dizeli inaingia, hewa haiingii. Ndiyo maana inatoa moshi mweusi na kuishiwa nguvu."

"Na ule mluzi?"

"Ni hewa inapita pembamba."

"Rudia, kijana."

"Hewa inapita pembamba, mama."

"Baba, umesikia?"

"Nimesikia mama," alisema Sponji.

"Hewa ya gari."

"Ya gari, mama."

"Waambie na hawa."

Sponji akageukia umati, akasafisha koo. "Ni hewa ya gari," akatangaza, na watu wakaitikia kwamba wamesikia.

Mkewe alipomwuliza Spoku baadaye kwa nini hakuuona ule mpasuko wa chuma cha kiti siku zote alizoinua kiti, alikiri kwamba aliuona, na kwamba mara mbili aliweka kikombe chake cha chai juu yake. Alidhani gari limezaliwa hivyo.

Pale kilimani hapakuwa na cha kuchomelea, kwa hiyo Spoku akatafuta kitu cha kutegemezea kiti kisishuke. Mng'arisha viatu akatoa kipande cha mbao kwenye kisanduku chake, akaja nacho mwenyewe.

Mama mkwe akakipokea kwa mikono miwili. "Asante mwanangu. Ule mzigo uliosema umeshuka, leo unapanda."

Mng'arisha viatu akainama kuvitazama viatu vyake mwenyewe, ambavyo ndivyo vilivyokuwa vichafu kuliko vyote barabarani hapo.

Wakapanda mpaka mlango wa hospitali kwa gia ya tatu. Mtaalamu wa mazoezi aliwalaumu kwa kuchelewa, kisha akamwambia mama mkwe leo aanze na zoezi la kukaa na kusimama kwenye kiti. Mama mkwe alimjibu kwamba la leo ameshalifanya, mbele ya mashahidi.

Jioni ileile Spoku alichomelea chuma na kuweka mpira mpya. Tangu hapo alikuwa na tabia mpya. Mtu akija na gari la dizeli lililokosa nguvu ghafla, Spoku alimwuliza kwanza nani hukaa mbele. Wengine walikasirika. Dereva mmoja wa vani ya mikate aliambiwa akamlete shangazi yake, akamleta, shangazi akakaa na kusimama mchana kutwa, na mwishowe ikaonekana ni filta ya hewa imejaa vumbi. Spoku hakutetereka. Alisema shangazi hakupoteza kitu.

Mama mkwe alikaa nao mpaka goti likatulia. Alikisimulia kisa hicho kwa kila mgeni, na kila akifika kwenye mluzi aliupiga mwenyewe kwa midomo, vizuri kuliko gari, huku Sponji akitafuta shughuli jikoni. Siku ya kurudi kwao Sponji alimpeleka, safari ya tangu asubuhi mpaka alasiri. Habari za mvua walizimaliza kabla ya kutoka mjini, na za jamaa zote. Gari lilikwenda vizuri.

"Baba," alisema mama mkwe, "niliwahi kukuambia siku mkaguzi wa elimu alipokuja shuleni, na mimi nimeshatia chumvi kwenye uji wa shule nzima badala ya sukari?"

"Hapana mama."

"Nilitia mfuko mzima. Na mkaguzi akasema anataka kula pamoja na watoto."

Sponji alipunguza mwendo ili asikie vizuri. Aligundua kwamba ameegemea kiti, mgongo wote. "Kisha ikawaje?" akauliza.

"Nikamwambia, mheshimiwa, hiyo ni dawa ya minyoo, tunawapa mara moja kwa mwaka."

"Akanywa?"

"Akaomba kikombe cha pili," alisema mama mkwe. Sponji akaanza kucheka, kwanza kwa adabu, kisha kwa namna ambayo mama mkwe hakuwahi kuisikia kwake, mpaka ikabidi aweke gari pembeni ya barabara na kufuta machozi kwa kitambaa cha kufutia kioo.

"Samahani mama," akasema.

"Cheka baba," alisema mama mkwe. "Bado hujasikia mwalimu mkuu alisemaje."